Sentensi za Mama kwa Mjukuu wa Mbali

Mjukuu wa kwanza wa mama yangu alizaliwa Kanada, na mpaka anafikisha miaka sita alijua salamu moja tu ya Kiswahili. Kila Jumapili baada ya ibada dada yangu alipiga simu ya video, akamsogeza mtoto kwenye kioo, naye akasema, "Shikamoo, Bibi." Mama akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Baada ya hapo walitazamana tu. Mtoto akichoka anaondoka, tunabaki tunaangalia kochi tupu.

Jumapili moja simu ilipokatika, mama aliendelea kuishika. "Wewe si ulimaliza kidato cha nne?" aliniuliza. "Nifundishe Kiingereza."

Tulikuwa tunaishi wawili mjini, Buhongwa. Nilimtoa kijijini kwetu Magu baada ya baba kufariki. Mimi kazi yangu ni saluni, na sikuwahi kumfundisha mtu kitu zaidi ya kusuka. Hata hivyo nilikwenda kwa wauza vitabu vya mtumba karibu na stendi ya Buzuruga, nikapata kamusi ya wanafunzi, ile ambayo kila neno linaelezwa kwa Kiingereza chepesi, na chini yake kuna sentensi ya mfano. Jalada lilikuwa limeshatoka.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini tulichukua maneno matano. Nilimsomea maana, nikamfafanulia, naye akanakili kwenye daftari kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba. Maana alizipenda. Mifano ndiyo iliyomkera, kwa sababu kila ukurasa kuna mtu kachelewa treni.

"Huyu hana ndugu wa kumwamsha?" aliuliza.

Akaamua kutunga sentensi zake. Kwenye neno la kuvuna aliandika kwamba mume wake alivuna pamba, kisha akapumzika. Nilitaka kumwambia aongeze alipumzika wapi. Nilipomwangalia usoni, nikaacha.

Neno "miss" lilituchukua wiki nzima. Kamusi ilisema ni kukosa basi, au kukosa shabaha, halafu ikasema ni kuhuzunika kwa sababu mtu fulani hayupo.

"Kwa hiyo Mzungu akisema amemkosa mtu, ndiyo kamkumbuka?"

"Ndiyo, mama."

Alifikiri kidogo. "Hapo wamesema vizuri."

Aliandika sentensi nane za neno hilo, zote za dada: dada kwenye foleni ya bomba, dada akikataa ugali wa muhogo, dada akiimba kwaya kwa sauti ya juu kuliko wenzake. Mimi, mtoto aliyebaki, nilikaa pembeni nikimtajia herufi. Na mimi nilimkosa dada vilevile, ila hakuna aliyenipa daftari.

Siku ya kujaribu ilikwenda vibaya. Mama alisoma sentensi ndefu, na ulimi wake wa Kisukuma ukageuza kila r kuwa l. Mtoto alimgeukia mama yake, akauliza kwa Kiingereza, "Bibi anasema nini?" Swali hilo mama yangu alilielewa. Alifunga daftari, na kwa wiki mbili hakuligusa.

Jumapili ya tatu dada alipiga simu tukiwa mwaloni, sokoni kando ya ziwa, tunanunua samaki. Mama, sijui wazo alilitoa wapi, alisema maana tu kwa Kiingereza, bila kutaja neno: mnyama, anaishi majini, hana miguu. Alisema polepole. Mtoto alikunja uso, kisha akaruka. "Fish!" Mama akainua sato mzima mbele ya simu, na mtoto akacheka mpaka akajificha nyuma ya mto wa kochi. Tangu siku hiyo huo ukawa mchezo wao. Mama anasoma maana, mtoto anataja neno.

Siku moja mama alitoa maana ambayo haikuwa kwenye kamusi. Alisema kwa Kiingereza chake: mtu, aliondoka nyumbani, lakini mimi bado namwekea sahani.

Mtoto aliwaza sana. "Ghost?"

Mama hakulijua neno hilo. Tukafungua kamusi palepale, nikamsomea: mtu aliyekufa, ambaye wengine husema wanamwona. Mama akaniambia, "Mwambie hajafa. Yuko mbali tu."

Kabla sijasema, nilimwona dada nyuma ya mtoto. Alikuwa anakunja nguo, sasa ameacha. "Mayu," aliita, kama tulivyomwita mama tukiwa wadogo Magu. Akajifuta macho kwa nguo aliyoshika. Mtoto alimpa mto, na mama akaugusa uso wa dada kwenye kioo, simu ikakatika kwa kidole chake.

Walipiga tena dakika hiyohiyo.

Bado hawajaja. Mwaka jana kibali cha kusafiri kilikwama, mwaka huu wanasema Desemba. Mama amemshonea mjukuu magauni mawili kwa fundi wa jirani, moja kila mwaka, kwa kukisia urefu. La pili ni refu kuliko la kwanza.