Vigae vya Fyuzi kwenye Pindo la Khanga

Sikuwa na ugomvi na umeme. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu anayewasha mashine asiyoiona.

Nilishuka kutoka milima ya Upare wa kusini nikiwa nimeolewa karibuni, kumfuata mume wangu aliyekuwa mkata mkonge kwenye shamba moja la tambarare, upande wa Same. Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa, Mzungu mwenye shamba ameondoka, na shamba likawa letu sote. Ndivyo tulivyoambiwa mkutanoni, nami neno hilo "letu" niliamini kwa moyo wangu wote. Kambini waliishi watu wa kila pembe ya nchi, na katikati ya kambi palikuwa na mashine ya kusaga unga iliyoendeshwa kwa umeme wa jenereta ya kiwanda. Nilipewa kazi pale pamoja na mama mmoja mzaliwa wa Kigoma. Yeye alimimina mahindi, mimi nilikinga unga, na kwa utani wake hakuna aliyesinzia kwenye foleni.

Meneja mpya, Mtanzania mwenzetu, alikuwa na ubao wa vitufe ofisini mwake. Nyaya nyembamba zilitoka kwenye ubao huo zikapita nguzo kwa nguzo juu ya mkonge, moja ikaenda kwenye pampu ya maji, nyingine kwenye taa za kambi, nyingine kwetu. Akibonyeza kule, huku kwetu swichi kubwa ya ukutani ilijifunga yenyewe, ikaitika kwa mlio wa "taa!" na mota ikaanza kunguruma. Akibonyeza tena, kimya. Jenereta haikuweza kubeba kiwanda na mashine ya unga kwa pamoja, kwa hiyo alitupa umeme kiwanda kinapopumzika. Hilo lilikuwa na maana, sikatai. Lakini alivipenda vile vitufe kupita kiasi. Watu wakichelewa mkutanoni, mashine inazimwa. Wakipiga makofi vizuri, inawashwa. Mtu mzima na wadhifa wake, anachezea ugali wa watoto wetu kwa kidole kimoja!

Mahindi yasiyokauka vizuri yalikuwa yakiziba koo la mashine, na kulizibua ni lazima uingize mkono. Siku moja umeme ulikatwa kutoka ofisini kama kawaida, mashine ikanyamaza, mwenzangu akaona huo ndio wasaa mzuri wa kusafisha. Mkono wake ulikuwa ndani hadi kwenye kiwiko. Akautoa ili afute jasho. "Taa!" Mota ikanguruma, na kitambaa cha kusafishia alichokiacha ndani kikatafunwa mpaka uzi wa mwisho.

Tulitazamana. Mama yule mwenye maneno mengi alikaa chini kwenye pumba. Akawa anavigusa vidole vyake kimoja kimoja, kama mzazi anavyovikagua vya kichanga.

Damu ilinichemka, maana kwetu milimani jambo hili lilishapatiwa dawa zamani. Kwetu tunakusanya maji kwenye ndiva, bwawa la udongo, kisha tunayafungulia mashambani kwa zamu. Mfereji ukijaa tope, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunatoka wote kuuzibua. Anayeingia kwenye mdomo wa mfereji, chini ya ndiva, huingia na ule mti wa kuzibulia tundu la ndiva, ambao bila huo maji hayafunguliwi. Anaulaza kando yake, mle mle topeni. Aliye juu, hata kama zamu ya maji ni yake, hata kama ni mkubwa wa ukoo, hana cha kuzibulia mpaka aliye chini atoke na kumkabidhi mkononi. Nimeingia mle tangu msichana, mti ubavuni, nikiimba.

Basi nikatafuta mti wa mashine ile. Nilishamwona fundi umeme akibadilisha fyuzi: huchomoa vigae vyeupe vinavyobeba waya wa fyuzi kwenye boksi la ukutani, na bila vigae hivyo mota haipati kitu, swichi iitike isiitike. Tangu siku ile, kila umeme ulipokatwa nasi tukataka kusafisha, nilivichomoa nikampa mwenzangu. Alivifunga kwenye pindo la khanga yake, yeye aliyekuwa anaingiza mkono. Akimaliza, anavifungua mwenyewe.

Haikuchukua muda. Meneja alibonyeza, mashine haikuitika, foleni ikapiga kelele mpaka ikasikika ofisini. Alikuja na baiskeli, jasho linamtoka.

"Nani amechomoa fyuzi?"

"Mimi, Ndugu Meneja. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. "Umeme wa shamba hili unaongozwa kutoka ofisini. Kazi yako ni unga."

"Umeme uongozwe ofisini. Na mkono wa huyu mama je, unaongozwa na nani?"

"Mimi nikisema nimezima, nimezima. Kwani huniamini?"

"Kwetu hata baba yangu mzazi simwachii mti wa kuzibulia nikiwa mferejini," nikamwambia. "Na ninampenda."

Foleni nzima iliangua kicheko. Uso wa meneja ulibadilika. Akanyoosha kiganja. "Vigae hivyo vitakaa ofisini. Vilete, au kesho unakwenda uanikaji."

Uanikaji niliujua. Ni kutandaza mkonge mbichi juani kutwa, na zile nyuzi zinachana vidole kuliko wembe. Niliogopa, sitasema uongo. Lakini nilimtazama mwenzangu, pindo la khanga amelishika kwa mikono miwili, nikajua siwezi.

"Nitakwenda," nikasema. "Vigae havitoki."

"Nakwenda kubonyeza," akasema akipanda baiskeli. "Nikibonyeza, nataka nisikie mashine inasaga."

Aliondoka. Koo la mashine lilikuwa bado limeziba. "Dada, malizia kazi yako," nilimwambia mwenzangu. Alikaza fundo la khanga, akavuta pumzi, akaingiza mkono. Foleni ilisogea karibu, hata watoto. Tukangoja wakati baiskeli inapotelea kwenye mkonge.

"Taa!" Swichi ikaitika ukutani. Mota haikutikisika. Mkono ulikuwa ndani hadi kwenye kiwiko, na mwenyewe hata hakugeuka.

"Huyo anabisha hodi," alisema. "Mwambieni nina kazi."

Kesho yake nilikwenda uanikaji, na nilibaki huko mpaka tulipohama shamba lile. Vigae havikwenda ofisini kamwe. Kila mwanamke aliyepewa kazi ya mashine baada yangu alifundishwa kwanza kuvifunga kwenye khanga, ndipo akafundishwa kusaga. Jioni ile ya kwanza mwenzangu alinipitia nyumbani, akakuta vidole vyangu vimechanika na vinavuja damu. Aliketi mkekani, akaniweka mikono mapajani pake, akanipaka mafuta taratibu kwa vidole vyake kumi.