Vijiti Chini ya Jabali

Mama anayefagia ngazi za mlimani kwetu, nyuma ya Hangzhou, utamsikia akikohoa kabla hujamwona. Vidole vyake vimepinda kwa kushika fagio la mianzi. Akifika kwenye jabali lililoinamia njia, pale tunapoegesha vijiti chini yake kama nguzo, tukiamini kuwa anayelitegemeza haumwi mgongo, huweka fagio kando, akachuchumaa na kuokota majani kwa mkono, asiangushe hata kijiti kimoja. Huku anatusuta: “Jiwe limesimama tangu enzi za mababu, leo linangoja kijiti chako? Nendeni hospitali!”

Majira ya baridi nilikwenda kweli, nikapasuliwa mgongo. Chai mpya ilipoanza kuchumwa ndipo nikapanda tena, polepole. Alinitazama juu hadi chini. “Mzee Qiu! Nilidhani wameshakuzika.” Nikacheka, nikatafuta kijiti changu chenye uzi mwekundu. Kilikuwa kimesimama.

“Kila theluji ikianguka, kinalala,” akasema, bila kuacha kufagia. “Mtu mzima, kuegesha kijiti tu kumekushinda! Nimekiinua mpaka sasa mgongo unaniuma mimi.”