Jina la Pili la Sunita

Nichekeni tu, nimeyataka mwenyewe. Mie nakaa mapokezi, kliniki ya wajawazito hapa Khuwair, na kwetu Waomani jina la pili ni la baba, mpaka kaburini. Basi akaingia Sunita Prakash, Mhindi wa Maharashtra, kupimwa. Bwana mmoja mwenye upara akataka kumfuata ndani.

“Jina lako?”

“Prakash.”

Nikajua baba mtu huyu! Nikamzuia mlangoni, foleni nzima inatazama. “Mzee, anaingia mume tu. Baba mzima huoni haya?”

Sunita akachungulia, tumbo mbele.

“Dada, kwetu ukiolewa jina la baba linatoka, la mume linaingia. Na huyo mzee wako, mimi nimemzidi mwaka.”