Muhtasari wa Mkutano Ambao Haukuwapo

Ningeweza kukataa kuusaini ule muhtasari. Afisa mtendaji aliuleta nyumbani kwangu, upande wa Kwamsisi, ukiwa umeshachapwa: mkutano mkuu wa kijiji umeridhia kampuni ya kigeni ilime mkonge katika bonde letu lote. Mkutano huo haukuwapo. Orodha ya mahudhurio iliyobanwa nyuma yake ilikuwa ya siku tulipogawa mbegu za mahindi.

"Mwenyekiti, kampuni wanasubiri," alisema. "Watu tutawaeleza baadaye. Kwani nani atakataa ajira?"

Nina elimu ya kidato cha nne. Nilijua ninachosoma. Nikasaini, nikagonga muhuri.

Kampuni ilipokuja kupiga vigingi vya mipaka, wanakijiji waliving'oa. Mkataba uliotokana na muhtasari ule ulisema ugomvi wowote uamuliwe na wasuluhishi ng'ambo. Wakaamua huko, wakatoa tuzo, yaani uamuzi wao: kijiji kikabidhi bonde, kwa kuwa karatasi zilionyesha tuliridhia. Kampuni ikaileta tuzo hiyo Mahakama Kuu ili itekelezwe kama hukumu ya hapa.

Wakili wetu, mwenye ofisi Korogwe mjini, alinieleza kwamba mahakama haisikilizi upya kesi ya wasuluhishi. Hata wakikosea, tuzo yao husimama. Ulibaki mlango mmoja: kuonyesha kwamba kuitekeleza kunapingana na sera ya umma, yaani misingi ambayo nchi haiwezi kuiacha ivunjwe. Ardhi ya kijiji haitolewi bila wanakijiji kukutana.

"Lakini mzee wangu, wa kuthibitisha kwamba hawakukutana ni wewe. Unaweza kushtakiwa. Ukiogopa, sema hukumbuki."

"Nakumbuka mpaka rangi ya kalamu."

"Una kichwa kigumu."

"Cha Kizigua hicho. Andika."

Mahakamani, wakili wa kampuni alinikazia macho. "Mzee, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Sasa mwongo anakuja kuvuna uongo wake?"

"Nivune nini? Bonde si langu. Ndiyo maana sikuwa na haki ya kulitoa, na hao wa ng'ambo hawana haki ya kunihesabu mimi mmoja kuwa kijiji kizima."

Jaji aliniambia nijibu kwa ufupi. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ufupi ndio ulionifikisha hapa." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikukaa mpaka niliporuhusiwa. Sikufuta neno hata moja, na leo pia sifuti.

Mahakama ilikataa kuitambua tuzo. Bonde likabaki la kijiji. Polisi hawakuniita, ila kijiji kiliniita, kwenye mkutano wa kweli, watu wameketi kwenye nyasi. Mdogo wangu, tumbo moja, alisimama. Naye alikuwa kwenye ile orodha.

"Kaka, mimi nilitia dole nipewe mbegu. Wewe ukaligeuza dole langu likagawa ardhi ya wanangu. Mgeni angenifanyia hivyo ningemsamehe." Kisha akawageukia watu. "Shamba analolima bondeni, alilogawiwa na kijiji, lirudi kijijini."

Mikono ikanyooshwa. Wa kwake nao ulikuwa juu. Sikujitetea, kwa sababu safari hii waliamua wenyewe.

Sasa nimepanga chumba Kilole, Korogwe mjini. Saini ile ilininyang'anya shamba nililolima tangu ujana, na ikaninyang'anya mdogo wangu. Yuko hai, anaishi kule kule kijijini, na hazungumzi nami.