Biashara Iliyoanza Mwaka wa Sabini na Moja

Barua zilikuwa mbili, zote za benki moja, na zilimkuta Serah bado amevaa sare za kazini. Alikuwa ametoka shifti ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee kule Roseville, miguu imevimba. Akaziweka mezani kando ya sufuria ya chai, akawa anaitazama moja, anaitazama nyingine, kama binti aliyeletewa wachumba wawili siku moja.

Ya kwanza ilimtaka achukue kadi ya mkopo ya mtu binafsi, ile inayokuwekea maili za ndege kila unapolipia kitu. Ukishatumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu unapewa bonasi ya maili, na bonasi hiyo ilitosha tiketi moja ya kwenda Kenya na kurudi. Ya pili ilikuwa kadi ya wenye biashara. Hiyo ilikuwa na masharti makali, na kiasi cha kutumia kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kwanza. Lakini bonasi yake ilitosha tiketi mbili.

Tiketi mbili. Hapo ndipo Serah alipovuta kiti akaketi.

Majuma mawili nyuma, Jairus, kaka yake anayekaa na mama yao kule Chavakali, Kenya, alikuwa amepiga simu. Jairus si mtu wa maneno mengi. "Leo Mama ameniuliza mimi ni mtoto wa nani," alisema. "Dada, kama unakuja, njoo Desemba hii. Usingoje."

Katika miaka kumi na miwili ya Minnesota, Serah alikuwa amerudi nyumbani mara moja tu, kumzika baba, tena peke yake. Binti yake Lynette, wa miaka kumi na mmoja, alizaliwa Saint Paul na hakuwahi kumwona nyanya yake. Alimjua kama sauti ya simu inayouliza kila mara kama amekula. Serah alitaka mama yake amwone huyo mtoto angali anaweza kujua ni mtoto wa nani. Basi, ni hilo tu. Na nauli ya Desemba ya watu wawili, jamani, ukiisoma unashikwa na homa.

Jioni alimwonyesha mumewe zile barua. Gilbert huendesha mashine ya kupanga mizigo katika ghala moja la Fridley, na ni mtu mwema, lakini ana akili ya kufunga breki kabla ya kuwasha gari.

"Chukua hii ndogo," alisema. "Nenda umwone mama. Lynette ataenda mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine mama atakuwa anamjua nani, Gilbert?"

Gilbert akakuna kidevu. "Sawa. Lakini benki utawaambia una biashara gani?"

"Na yale mandazi?"

"Yale ni mandazi tu, Serah. Ni mambo ya kanisa."

Mungu anisamehe, hapo mimi ningemrushia mwiko. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja mkewe alikuwa akikodi jiko la kanisa, akikaanga mandazi na kuchoma chapati za harusi, za matanga, za sherehe za watoto, tangu Fridley hadi Oakdale. Gari la huyo Gilbert lilinuka mafuta ya kupikia majira yote manne. Lakini tusimlaumu sana, maana hata Serah mwenyewe, ukimuuliza anafanya nini Jumamosi, angekuambia, "Ah, najitafutiatafutia tu." Ndivyo walivyo mama zetu wengi. Analisha nusu ya mji, halafu anaona haya kuiita kazi.

Usiku ule hakulala vizuri. Kesho yake alimwita Lynette na kompyuta yake. Mtoto akawa anasoma maswali ya fomu ya kadi ya biashara, mama anajibu, mtoto anaandika. Jina la biashara? Mandazi ya Serah. Mnauza nini? Mtoto akacheka. Biashara ilianza mwaka gani?

"Elfu moja mia tisa sabini na moja," Serah akajibu bila kufikiri.

Lynette akageuka. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. "Mom, ulikuwa hujazaliwa!"

"Andika."

Na kwa nini asiandike? Sabini na moja ndio mwaka ambao mama yake aliazima karai la shangazi, akaketi kwenye lango la shule ya msingi na mandazi ishirini yaliyofunikwa kitambaa. Serah akazaliwa ndani ya biashara hiyo. Alipofika umri wa Lynette, alikuwa akiamshwa kabla jogoo hajamaliza kuwika, aukande unga ndipo aende shule. Jiko la kuni lilimtoa machozi. Iliki ilitwangwa jana yake na kufungwa kwenye karatasi ya daftari. Na kila asubuhi, kila asubuhi ya Mungu, alikanda kwa ncha za vidole kwa uvivu wa usingizi, na mama yake akasimama nyuma yake akiwaka: "Kanda kwa kiganja! Huo ni unga, siyo mtoto mgonjwa!" Kisha akamsukuma kwa nyonga, akamshika mikono yote miwili kutoka nyuma, wakakanda pamoja. Aliuchukia mkono ule wakati ule. Sasa, mezani pale Minnesota, angetoa chochote umshike tena kutoka nyuma.

Siku ya nne benki ikapiga simu. Serah alikuwa mapumzikoni, amesimama karibu na chumba cha kufulia mashuka. Kijana wa upande wa pili alikuwa na adabu zake.

"Nathibitisha tu maelezo yako. Hapa inaonekana biashara yako ilianza miaka miwili kabla hujazaliwa."

Angesema ni kosa la kuandika, yakaisha. Lakini Serah hajui kudanganya kuhusu mama yake. "Mandazi ni ya mama yangu," alisema. "Alianza yeye. Mimi nimeendeleza. Unga ule ule, vipimo vile vile."

"Naelewa. Je, mama yako bado ni mmiliki?"

"Mama yangu amesahau."

"Amesahau nini?"

Serah alikuwa amemaliza miaka akiwaosha na kuwalisha wazee wa watu waliosahau, akiwaambia watoto wao wajipe moyo, na leo hakuwa na hata sentensi moja ya kujipa yeye. Kijana yule hakumharakisha. Akasema taratibu, "Basi niambie, wewe mwenyewe uliuza la kwanza lini?"

Hilo alilikumbuka vizuri. Ilikuwa Januari yake ya kwanza Marekani, nje ya kanisa Fridley, baridi ya kukata masikio, Lynette akiwa tumboni. Gari la Thaddée, Mkongo wa upande wa Uvira, lilikataa kuwaka. Serah alimwonea huruma, akampa andazi moja la moto lililokuwa limefungwa kwa karatasi ya foili. Thaddée akatafuna, akaacha kutafuna, akamtazama. "Mama, beignet hii umeitoa wapi? Hii ni ya nyumbani." Akatoa dola moja. Serah akakataa katakata. Thaddée naye akashikilia: "Usipopokea, kesho nitarudi kukuomba kwa uso gani?" Basi akapokea.

"Januari elfu mbili na tano," alimwambia kijana. "Nilimuuzia mtu mmoja, dola moja."

"Asante. Nimeandika," kijana akasema. "Miaka kumi na moja. Hongera, hiyo ni biashara."

Serah akakata simu, akasimama pale akinusa sabuni ya mashuka, akalirudia neno lile peke yake kwa sauti.

Kadi ikaja, na miezi mitatu ikaanza kukimbia. Serah hakununua hata soksi ambayo biashara haikuihitaji. Alinunua unga kwa magunia, mafuta kwa madumu, friji kubwa aliyokuwa akiitamani tangu zamani, na akalipia jiko la kanisa kwa kadi. Mteja akilipa, naye alipeleka benki wiki ile ile. Hata hivyo, kufikia Oktoba alikuwa bado mbali. Ndipo Thaddée akatangaza harusi ya binti yake Gentille, akaagiza mandazi elfu moja na chapati mia nne. Serah alipomwambia ni mengi mno, Thaddée akafoka, "Wacongolais watoke kwenye harusi yangu na njaa? Jamais, haiwezekani!"

Gilbert ndiye aliyebeba magunia, yote yamelipiwa kwa kadi. "Kwa hiyo mimi sasa nimeajiriwa?" alilalamika ngazini.

"Ndiyo. Na leo umechelewa kazini."

Siku chache kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, maili zikaingia, na Serah akakata tiketi mbili.

Walifika Chavakali Desemba, saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, mdogo kuliko Serah alivyomkumbuka. Serah alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. Mama akamtazama kwa upole mwingi, akasema kwa Kimaragoli, "Karibu, mama. Umetoka mbali?"

"Nimetoka mbali."

"Pole na safari. Wampe mgeni chai."

Serah alizunguka nyuma ya jiko, akaziba mdomo kwa leso, akalia. Alikuwa amechelewa, na hakuna maili za kumrudisha mtu mwaka jana.

Kesho yake mke wa Jairus alitoa unga wakaange mandazi ya wageni. Lynette akaomba akande yeye. Akaanza kuubonyeza kwa ncha za vidole, kama anapiga kinanda. Kutoka kwenye kigoda kikasikika kishindo cha miguu.

"Kanda kwa kiganja! Huo ni unga, siyo mtoto mgonjwa!"

Mama alikuwa amesimama. Alimsukuma mtoto kwa nyonga, akamshika mikono yote miwili kutoka nyuma, wakaanza kukanda pamoja. "Kila siku nakuambia, Serah," akanung'unika. "Utachelewa shule tena."

Lynette alimtazama mama yake, macho yamemtoka. Serah akamwashiria kwa kichwa aitike. Na mtoto yule wa Kiingereza akasema, "Ndiyo, Mama."

Mama akatabasamu, akainua uso kwa yule mgeni aliyesimama mlangoni. "Huyu ni binti yangu Serah," alisema kwa fahari. "Ni mvivu wa asubuhi, lakini mkono anao. Siku moja ataichukua hii kazi."

"Alishaichukua, mama," Serah akasema, akaenda kuinjika karai.