Jiwe la Bibi Halipasuliwi

Juzi niliingia nyumba ya wageni pale Ruangwa mjini, nikakuta pale mapokezi jiwe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Limepasuliwa katikati, limeng'arishwa, limesimamishwa kwenye kistuli cha dhahabu bandia. Ndugu yangu, nusura nivue mtandio nilifunike! Nilihisi nimemkuta mtu ninayemfahamu akiwa utupu.

Kwetu Mbwemkuru mawe yale tuliyaokota korongoni mvua zikikatika. Kila nyumba ilikuwa na lake juu ya kabati la vyombo, katikati ya vikombe visivyonywewa chai na vitambaa vya kufuma. La bibi yangu lilikuwa kubwa kuliko tairi la trekta. Haya basi, kuliko sinia. Kuamkia Idi kazi yangu ilikuwa kulisugua kwa mafuta ya ufuta. Mwaka mmoja nikamimina chupa nzima. Wakaja sisimizi kutoka Naipingo hadi Matambarale, nikachapwa huku nyumba ikinukia kama kashata.

Ndipo akaja mnunuzi kutoka mjini na msumeno wake wa umeme. Majirani wakatoa yao, yakapasuliwa uani, vumbi likatanda juu ya mihogo iliyoanikwa. Akafika kwetu.

"Shikamoo bibi. Hili ndani linametameta kama sukari. Nipe, nikuletee bati nyumba nzima."

Paa letu la nyasi lilivuja kama chekeche. Mabati niliyatamani mpaka mate yakanitoka.

"Marahaba, mwanangu. Halipasuliwi."

"Lakini bibi, si konokono tu aliyekufa akageuka jiwe?"

"Na wewe ukifa, tukupasue tuone kama unametameta?"

Jirani mmoja, aliyekwisha kutoa lake, alicheka mpaka akakaa chini. Mnunuzi akafungasha. Masika yale tulilala katikati ya mabeseni, matone yakigonga usiku kucha, na bibi akirudia: "Kizuri hakiombi kupasuliwa."

Leo korongo limekwanguliwa tupu. Makabati yale yameliwa na mchwa, na bibi amelala makaburini. Jiwe ninalo hapa Nachingwea, zima. Masomo ya jioni yamenifundisha kuwa lilikuwa kiumbe wa baharini, na kila mgeni ananishawishi: lipasue basi, tuone ndani!

Ndani mna nini? Sijui. Nitazeeka bila kujua, na nitazeeka vizuri tu.