Nilivyomshitaki Mwanasheria Mkuu kwa Ajili ya Kitanda

Nilifukuzwa kazi nikiwa nimelala, na hapo ndipo ilipokuwa shida, maana hata kukanusha sikuweza vizuri. Nilikuwa mtandika vitanda katika hoteli ndogo ya watalii wanaokuja Mafia kuogelea na papa potwe, yule papa mkubwa asiyeuma mtu. Siku hiyo nilimaliza banda namba nne, kimoja cha vijumba vya wageni, nikajiuliza: hivi mgeni akifumbua macho asubuhi, kitu cha kwanza anaona nini? Nikavua kandambili, nikajilaza, nikafumba macho ili niyafumbue kama mgeni.

Nilipoyafumbua nilimwona meneja.

Hakuniuliza lolote. Alinyoosha kidole mlangoni, na jioni ukaingia ujumbe kwenye simu: usije kesho wala keshokutwa.

Kazi ile niliipenda mno. Nilishajipangia kuwa mkuu wa vyumba kabla sijafika miaka thelathini, na mama yangu kule Kiegeani alikwishawatangazia wenzake wote wanaolima mwani kwamba binti yake anavaa sare yenye jina kifuani. Ningemwambiaje kwamba nimeivua? Nikabaki Kilindoni kwenye chumba changu cha kupanga, nikitafuta njia ya kuirudia.

Njia ilitoka kwa jirani yangu, muuguzi wa kutoka bara, dada mmoja wa kwaya anayecheka mpaka ukuta unasikia. Miaka ya nyuma Serikali ilimwachisha kazi bila kumsikiliza. Akaenda Mahakama Kuu kuomba mapitio, yaani majaji wautazame uamuzi ule kama ulifuata haki, na wakamrudisha wodini. Karatasi zake alizitunza kwenye bahasha ya kaki kama cheti cha ndoa.

Nilipomsimulia aliuliza jambo moja tu.

"Walikusikiliza?"

"Hata salamu sikujibiwa, dada."

"Basi mdogo wangu, hapo wameumia."

Jumamosi nzima nilinakili maombi yake kwa mkono. Palipoandikwa muuguzi nikaweka mtandika vitanda, palipoandikwa wodi nikaweka banda namba nne. Mengine tuliyaacha yalivyo kwa sababu yalipendeza. Sisi hatukuona kosa. Majirani zetu wenye mshahara karibu wote ni watu wa Serikali, walimu na waganga na maofisa, kwa hiyo habari za kufukuzwa na kurudishwa tulizozijua zilikuwa zao tu.

Nikayapeleka mahakama ya pale Kilindoni. Karani, mzee mpole wa Miburani, aliitikia shikamoo yangu, akavaa miwani, akasoma. Akaivua. Akasoma tena bila miwani.

"Binti yangu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kakukosea nini?"

Nikaangalia. Kweli, nilikuwa nimemshitaki, mjibu maombi wa pili baada ya hoteli, kwa habari ya kitanda. Nilicheka mpaka nikashika meza, na mzee naye mabega yakawa yanamcheza.

Alipotulia alinieleza taratibu. Mapitio ni ya kuhoji uamuzi wa chombo cha umma. Hoteli ni ya mtu binafsi, kwa hiyo mgogoro wangu ulitakiwa uanzie kwa wasuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku thelathini tangu nifukuzwe. Tukahesabu kwa vidole. Ilikuwa siku ya ishirini na sita. Kicheko kilikatika. Siku ya ishirini na nane fomu ya malalamiko ilikuwa imefika kwa wasuluhishi, na nakala ya meneja nilimpelekea mwenyewe mkononi, nikakimbia kabla hajaifungua.

Tulipoitwa bara kwa msuluhishi, hatukuwa na namna. Boti ya asubuhi ile ilikuwa moja, tukapanda wote, mdai na mdaiwa. Meneja ni mtu wa milimani. Hatujafika mbali akawa wa kijani kwa kichefuchefu cha bahari. Nilijitahidi kumchukia nikashindwa, nikamsogezea ndimu anuse na mfuko wa plastiki. Alivitumia vyote viwili. Mfuko wa pili aliuomba mwenyewe, kwa adabu.

Msuluhishi alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimuuliza meneja kama alinipa nafasi ya kujieleza. Meneja akasema mtu aliyelala ana maelezo gani. Mama yule akanigeukia, akasema nieleze sasa.

Nikaeleza yote, mpaka kandambili.

"Na ulipofumbua macho, kabla hujamwona yeye, uliona nini?"

"Tundu kwenye chandarua, mheshimiwa. Kubwa, la kupita ngumi. Ukisimama halionekani, linafichwa na mkunjo."

Meneja aliinua kichwa. Akasema polepole kwamba wageni wa banda lile hulalamikia mbu kila mara, na yeye amenunua dawa za kila aina. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, kama mabanda mengine nayo nimeyajaribu.

"Bado matatu," nikasema.

Msuluhishi aliinamia karatasi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Akaandika makubaliano: narudi kazini Jumatatu. Meneja akaomba kiongezwe kifungu, kwamba kujilaza iwe dakika moja kwa kitanda, mlango ukiwa wazi.

Nikasaini wa kwanza, meneja asije akabadili mawazo, kwa herufi zilizotoka nje ya kisanduku.